Oldupai, Isimila au Olorgesailie: uende wapi kusoma matabaka ya ardhi?

"Nina basi moja, wanafunzi arobaini na hela ya safari moja tu. Niwapeleke wapi wakaone matabaka ya miamba kwa macho yao?" Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, anayefundisha maeneo ya Makambako, alinitumia ujumbe huo wa sauti jioni moja. Nilianza kumjibu, nikajikuta nimeongea dakika kumi na mbili. Haya hapa ndiyo majibu yale, yakiwa yamepunguzwa malalamiko yangu kuhusu foleni na mabasi mabovu.

Sehemu ninazoona zinafaa kulinganishwa ni tatu: Korongo la Oldupai kule Ngorongoro, Isimila karibu na Iringa, na Olorgesailie upande wa Kenya kwenye barabara ya kwenda Magadi. Zote tatu ziliwahi kuwa na maji. Ziwa au dimbwi lilikusanya tope, mchanga na mifupa, safu juu ya safu, kisha ardhi ikapasuka au mto ukaichana, sisi tukapata ukuta wa kutazama.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia wafikirie tenga la nguo chafu nyumbani. Sare ya Jumatatu iko chini kabisa, ya Ijumaa iko juu. Hakuna aliyezipanga, zimejipanga zenyewe kwa kuvuliwa. Sasa ukitaka kujua ni Jumatatu ya tarehe ngapi, nguo haikuambii, labda mfukoni mwake kuwe na tiketi ya basi. Na ukikuta Jumanne imefuatwa na Alhamisi, ujue kuna mtu amepitia humo akachomoa ya Jumatano. Tenga hili ndilo nitakalolitumia kulinganisha. Nitauliza kama mifukoni kuna tiketi, kama kuna siku iliyochomolewa, na kama mwanafunzi ataruhusiwa kusogea na kutia mkono au ataishia kuchungulia kwa mbali.

Oldupai: tiketi katika kila mfuko

Niseme kwanza kuhusu jina. Kwa Wamaasai, oldupai ni ule mkonge pori wenye majani kama mikuki uliotapakaa kandokando ya korongo. Vitabu vilishaandika "Olduvai" na dunia ikazoea. Mimi naandika Oldupai.

Korongo lina urefu wa kilomita 48 hivi, na sehemu zenye kina kirefu zinafika mita 90. Mjiolojia Mjerumani Hans Reck alipofika mwaka 1913 aliyapa matabaka namba za Kirumi kutoka chini kwenda juu. Namba zake, I hadi IV, zinatumika mpaka leo. Yale ya juu yaligawanywa upya baadaye yakapewa majina ya Masek, Ndutu na Naisiusiu. Yote kwa pamoja yanabeba takriban miaka milioni mbili.

Ukisimama pale kwenye kibanda cha kutazamia, jicho linaenda moja kwa moja kwenye wekundu. Kuna kilima kimesimama peke yake katikati ya korongo, chekundu kama tofali lililoiva. Hilo ni Tabaka la III. Chini yake rangi zinapoa: kijivu, kahawia, kijani hafifu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, jibu lake ndilo historia ya eneo lote. Tabaka la I na sehemu ya chini ya Tabaka la II ni za wakati kulikuwa na ziwa lenye magadi mengi, tope likatulia taratibu. Kadiri unavyopanda ndani ya Tabaka la II, ziwa linanywea. Ukifika Tabaka la III ziwa halipo tena. Imebaki mito inayokuja na kuondoka, udongo umekaa wazi ukipigwa na hewa, na chuma kilichomo kimeshika kutu. Rangi ile ni kutu. Cha kuchekesha ni kwamba ukienda upande wa magharibi wa korongo, mpaka kati ya Tabaka la III na la IV unapotea, huwezi kuzitenganisha. Naipenda sana sehemu hiyo, maana wanafunzi huamini kila tabaka lina mstari wa rula kama mchoro wa ubaoni.

Hata hivyo, kinachoipa Oldupai ubingwa ni majivu. Nyanda za juu za Ngorongoro, mashariki mwa korongo, ni safu ya volkano. Mlima Olmoti peke yake ulimwaga sehemu kubwa ya majivu yaliyomo ndani ya Tabaka la I. Kila mlipuko uliacha utepe, na kila utepe una fuwele zenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka pole pole sana kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi inatoroka. Ukishapoa, inanaswa ndani. Pima agoni iliyonaswa, utajua fuwele ilipoa lini. Hiyo ndiyo tiketi yetu ya basi.

Ukitaka kuona thamani ya tiketi hiyo, chukua fuvu la jamii ya binadamu wa kale lililogunduliwa na mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, siku mume wake Louis alipokuwa amelala kambini na homa. Louis alilikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Mwaka 1961 majivu yakapimwa, jibu likarudi: milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio! Vipimo vya siku hizi vimelisogeza nyuma zaidi kidogo, kwenye milioni 1.84 hivi. Fuvu lenyewe halikubadilika hata chembe. Utepe wa majivu uliokuwa juu yake tu ndio ulisoma tofauti na macho ya mtaalamu.

Na hili huwa nalisema kwa sauti ya majivuno kidogo: eneo lilipopatikana fuvu hilo linaitwa FLK, na K yake ni Korongo. Frida Leakey Korongo. Kuna pia HWK, MNK, BK, na kote K ni neno letu lile lile. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba sayansi haina Kiswahili, hapo huwa anainua kichwa.

Kasoro ya Oldupai ni umbali, na sisemi wa barabara tu. Ziara ya kawaida ni kukaa juu, kusikiliza maelezo na kuona makumbusho (mapya, yalifunguliwa 2017, na yametulia kweli kweli), kisha mnarudi kwenye gari. Matabaka mmeyaona kama mtu anavyoona keki dirishani. Kushuka chini inawezekana, lakini ni kwa mwongozo na kwa kupanga mapema, na ada ya korongo ni juu ya ada ya kuingia hifadhi ya Ngorongoro. Kwa watu wanne kwenye gari dogo, nenda bila kusita. Kwa basi la watoto arobaini, hesabu kwanza. Mimi niliwahi kufika na kundi saa nane mchana kwa sababu ya gari lililoharibika njiani. Tulisikiliza maelezo, tukapiga picha, jua likawa limeshatuacha. Ukuta hatukuusogelea.

Kuna wanaosema basi waende Laetoli, kilomita 45 hivi kusini, kwenye zile nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.6 zilizokanyagwa juu ya majivu mabichi. Nyayo zenyewe zilifukiwa tena miaka ya tisini ili zisiharibike. Nakala yake iko makumbusho pale pale Oldupai, kwa hiyo usijichoshe.

Isimila: unatia mkono ndani

Isimila haina jina kubwa, na ndiyo sababu ninaipenda. Kutoka Iringa mjini ni kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, kisha kipande kifupi cha vumbi. Zana za mawe ziligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanywa 1957 na 1958 chini ya mtafiti Clark Howell. Mashoka ya mkono, ya graniti na kwatsiti, mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, bado yamelala kwenye sakafu ya korongo kama viazi vilivyosahaulika shambani.

Kwa mwalimu, raha ya Isimila ni kwamba matabaka yake ni mepesi kusoma kwa kidole. Yana mambo mawili makuu, mchanga na mfinyanzi, yakipokezana. Waambie watoto wachukue punje zilizodondoka chini (chini, si za ukutani), waweke mate kidogo na kusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mchanga unakwaruza. Mfinyanzi unateleza kama sabuni. Baada ya dakika tano watakuwa wanajua wenyewe kwamba tabaka linalokwaruza liliachwa na maji yaliyokuwa yanakimbia, na linaloteleza liliachwa na maji yaliyotuama. Kutoka hapo kusema "hapa palikuwa pakame, mvua zikaja za kishindo, halafu pakawa na dimbwi tulivu" ni hatua moja tu, na wanaipiga bila kusukumwa. Humo humo kwenye matope imepatikana mifupa ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Pasipo maji, kiboko angefuata nini?

Halafu kuna zile nguzo. Ni minara ya udongo iliyosimama kwenye korongo la jirani, na vitabu vya utalii haviishi kuzipiga picha. Mtalii anaona mandhari. Mwalimu anatakiwa aone kisu kikiwa kazini. Mvua inakata udongo laini, na pale ambapo juu kuna kifuniko kigumu zaidi, kilicho chini yake kinasalimika kwa muda. Oldupai unaona ardhi iliyokwisha kukatwa. Isimila unaiona inaendelea kukatwa, na ukirudi baada ya masika unaweza kukuta vifusi vipya miguuni mwa ukuta. Kwa mada ya mmomonyoko, hakuna pa kuilinganisha nayo katika hizi tatu.

Ila mifukoni hamna tiketi. Isimila haikubahatika kuwa na mlolongo wa majivu kama wa Oldupai. Umri unaotajwa mara nyingi, miaka 260,000 hivi, ulitokana na kupima urani ndani ya mifupa, maana nayo, kama potasiamu, hugeuka pole pole kwa kasi inayojulikana. Shida ya mfupa ni kwamba unafyonza urani kutoka kwenye maji ya ardhini baada ya kufukiwa, kwa hiyo saa yake haikuanza kuhesabu siku mnyama alipokufa. Namba hiyo iseme, lakini iseme kwa sauti ya "takriban". Mpangilio wa kipi kilitangulia kipi unabaki wazi kabisa. Kinacholegea ni tarehe.

Olorgesailie: siku iliyochomolewa

Hii iko Kajiado, kama kilomita 65 kusini-magharibi mwa Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Unashuka kutoka Ngong ukielekea Magadi, masikio yanaziba, joto linapanda, na ghafla pembeni ardhi imekuwa nyeupe kama iliyomwagiwa unga wa sembe.

Weupe huo ni diatomaiti, yaani maganda ya mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kuzama chini ya ziwa kwa maelfu ya miaka. Ni nyepesi kiasi kwamba ukiishika mkononi unahisi umedanganywa, na ina vitundu vidogo vinavyonyonya maji kwa pupa, ndiyo maana ikigusa mdomo inanata. Kule Kariandusi karibu na Gilgil huchimbwa kwa ajili ya vichujio viwandani. Kwa msomaji wa matabaka kanuni ni rahisi. Palipo peupe ziwa lilikuwa limejaa. Palipo kahawia ziwa lilikuwa limekauka, udongo ukaota majani, watu wakapita. Majivu ya volkano nayo yapo, kwa hiyo tarehe ni za uhakika: kutoka miaka milioni 1.2 iliyopita hadi laki tano hivi.

Katika muda wote huo watu walitengeneza mashoka yale yale ya mkono. Pale kwenye kidaraja cha mbao unapita juu yake, yamelala kwa mamia, mengi yamechongwa kutoka kwenye miamba ya mlima wa volkano mfu ulio nyuma yako. Ziwa limekuja, limekwenda, limerudi, na shoka ni lile lile.

Kisha tenga linakosa nguo. Juu ya tabaka la miaka laki tano limekaa tabaka la miaka 320,000, na katikati hamna kitu. Miaka 180,000 imefagiliwa. Ardhi ya Bonde la Ufa ilipasuka na kushuka, mito ikapata mteremko mpya, ikala kilichokuwapo. Kinachotia uchu ni kwamba upande wa pili wa pengo mashoka makubwa yametoweka. Sasa kuna ncha ndogo za mawe, kuna kioo cha volkano kilichosafirishwa kutoka mbali, kingine kilomita 90, kuna vijiwe vya rangi nyekundu na nyeusi vilivyosagwa. Maisha yalibadilika ndani ya kile kipande ambacho ardhi imekinyofoa.

Watafiti hawakukata tamaa. Mwaka 2012 walikwenda bonde la jirani la Koora, ambako mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, hayakufagiliwa, wakachimba kwa bomba hadi mita 139 na kutoa mche mmoja mrefu wa tope na majivu wenye rekodi ya miaka milioni moja. Sare ya Jumatano ilikuwa imeanikwa uani kwa jirani! Matokeo yaliyotangazwa 2020 yalionyesha kwamba katika kipindi kile kilichokosekana, maji na majani viliacha kutabirika, vikawa vinabadilika kwa kushtukiza. Kama unafundisha wakubwa, kidato cha tano na kuendelea, pengo hili lina somo zito kuliko tabaka lolote lililopo.

Kasoro: jua. Hakuna kivuli cha maana, na saa sita mchana ardhi nyeupe inakurudishia joto usoni. Fikeni asubuhi, bebeni maji zaidi ya mnavyodhani. Na kwa shule ya Tanzania kuna mpaka wa Namanga, pamoja na barua za wazazi, hati za safari, na yule mtoto mmoja ambaye lazima asahau yake.

Vipi kuhusu Tendaguru?

Huulizwa sana, kwa sababu ya yule mjusi mkubwa, yaani dinosaria, ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin. Kwa historia ya pwani yetu, matabaka ya Tendaguru kule Lindi ni hazina: mara tatu kuna tabaka lenye mifupa ya dinosaria, na yakipokezana nayo kuna matabaka ya mchanga wenye makombe ya baharini. Bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena, miaka kama milioni 150 iliyopita. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wa Lindi walichimba chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa mwendo wa siku nne hadi bandarini. Ila mifupa iko Ujerumani, pori limefunika mashimo, na pasipo mtu anayeijua njia utazunguka vichakani. Kwa shule, hapana. Ifundishe darasani, na jina la Boheti liandikwe ubaoni.

Sasa uchague

Ukiwa na siku moja na unataka mtoto aelewe kwa mara ya kwanza kwamba tabaka ni tukio, mpeleke Isimila. Sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi, ingawa ni rahisi. Nasema kwa sababu pale anagusa, na aliyegusa mchanga na mfinyanzi atakapoona picha ya Oldupai baadaye ataisoma mwenyewe.

Ukiwa na watu wazima wachache, au wanafunzi ambao tayari wanajua mashapo ni nini, na swali lenu ni "mnajuaje ni miaka milioni mbili?", jibu liko Oldupai na si kwingine. Weka akiba ya kushuka chini. Usiposhuka, nusu ya nauli yako imeliwa na upepo.

Walioko Nairobi, Machakos au Thika wasihangaike kuvuka mpaka, Olorgesailie inawatosha na kubaki. Kwa aliyekwisha kuona Oldupai, Olorgesailie ndiyo ya kufuata, si Isimila, kwani itamfundisha kutafuta kisichokuwepo.

Popote uendako, chukua chupa ndogo ya siki. Kwenye kokoto nyeupe iliyodondoka weka tone moja. Ikitoa povu ni chokaa, ikinyamaza ni kitu kingine. Watoto watagombania chupa hiyo kuliko soda.

Mwalimu wa Makambako alichagua Isimila. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la mwanafunzi wake wa kidato cha pili: ukuta umechorwa kwa penseli, mchanga umewekewa vidoti, mfinyanzi mistari iliyolala, nguzo moja imevaa kofia. Pembeni kuna mshale mrefu unaoonyesha katikati ya ukuta, na maandishi ya haraka: "Majivu hamna. Tarehe tutapata wapi?"